Urefu wa Mchai

Vijana wangu, sanduku la kadi mlilolichukua kwangu lina pengo. Mkifika kwenye kadi za mimea, baada ya ile inayouliza kama mgomba ni mti, mtaona nafasi ya kadi moja iliyotolewa. Msisingizie panya. Niliitoa mwenyewe, na kabla hamjaingiza maswali yangu kwenye simu zenu ili watu wajipime akili wakisubiri kinyozi, nataka mjue kwa nini. Nitazunguka kidogo, mnivumilie. Mtu aliyeuliza wengine maswali miaka ishirini na sita hajazoea kujibu.

Mgomba si mti, kwa taarifa yenu. Ni mmea wa majani uliokua kupita kiasi, na kile mnachokiita shina ni majani yaliyofungana. Nimelisema hilo kwenye shule nyingi za Kisii na Nyamira, na kila mara kuna baba mmoja nyuma ya ukumbi aliyeniangalia kama mtu aliyetukana boma lake. Watu huvumilia uwaambie kwamba pweza ana mioyo mitatu, kwa sababu pweza hawamjui. Ukija kwenye kitu kilichoota nyuma ya jiko lao, hapo jihadhari.

Nilifundishwa kazi hii na Mwalimu Odhiambo, mtu wa kando ya ziwa aliyekuja kufundisha Kisii mjini akiwa kijana, akazeekea huku. Wiki yake ya kwanza alimkuta mtoto ameanguka uwanjani analia "baba! baba!", akatuma watu wamwite baba mtu haraka. Akaja mama. Akawatuma tena, akaja mama yule yule, sasa amekasirika. Ndipo alipojulishwa kwamba kwa Ekegusii, lugha yetu, "baba" ni mama, na baba ni "tata". Alisimulia kisa hicho kila mwaka na kila mwaka alicheka mwenyewe hadi akakohoa. Ndicho kilichomfanya aanze kuandika mambo kwenye kadi, alisema, kwa sababu aliona kwamba mtu anaweza kuwa na shahada na bado asijue kinachojulikana na kila mtoto wa chekechea wa mahali alipo.

Siku aliyonipokea alinipa kadi tupu na penseli. Nikamwambia nina kalamu nzuri. Akasema swali uliandike kwa kalamu, jibu kwa penseli.

"Kwa nini, mwalimu?"

"Kwa sababu utakosea. Sijasema labda. Utakosea."

Nilikuwa na miaka thelathini na moja, nimefaulu kila mtihani niliowahi kupewa, na maneno hayo yaliniudhi. Hata hivyo nikanunua penseli.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Shule zilituita Ijumaa asubuhi au Jumapili mchana, kwa maana Jumamosi ni Sabato kwa Waadventista, na Jumapili asubuhi Wakatoliki wako misa. Tulifika na sanduku, kengele ya mkononi na saa ya ukutani ambayo Odhiambo aliibeba mgongoni ndani ya shuka. Tuliuliza kila kitu. Twiga ana mifupa mingapi shingoni? Saba, sawa na wewe. Sayari gani siku yake ni ndefu kuliko mwaka wake? Zuhura. Mnyama gani wa kunyonyesha anaruka kwa mabawa yake? Popo. Na maswali ya maneno, ambayo watoto waliyapenda kuliko yote. Niliwahi kuuliza kule Nyamarambe: nipe neno la Kiswahili linalosomeka sawa kutoka mbele na kutoka nyuma. Nilitarajia "ini". Mvulana mmoja akaruka juu akasema "ada!" Ukumbi mzima ulicheka, walimu kwanza, kisha wazazi wakanyamaza polepole kwa sababu ilikuwa wiki ya pili ya muhula na nusu ya darasa lake ilikuwa imerudishwa nyumbani kutafuta ada.

Mkitunga maswali, yasomeni kwa sauti kabla ya siku yenyewe. Swali likikukwama mdomoni, litamkwama mtoto kichwani. Msiulize "taja yote". Msimwangalie mtoto machoni anapofikiri, mwangalieni mkononi. Anayejua, vidole hutulia. Na kila mwisho wa muhula ondoeni kadi zote, mpitie penseli moja moja, kwa sababu majibu huchacha. Haya yote nilifundishwa, na niliyafuata kwa miaka mingi, isipokuwa pale nilipojiona najua sana.

Sasa nije kwenye jambo la Sudan Kusini, kwa sababu bila hilo hamtaelewa lile lingine. Nilikuwa nafanya kazi peke yangu wakati huo, Odhiambo amerudi kwao, miguu haimbebi tena. Kwenye shindano moja niliuliza nchi changa zaidi barani Afrika. Kadi yangu ilisema Eritrea, na kwa miaka mingi ilikuwa kweli. Mtoto akajibu Sudan Kusini. Nchi hiyo ilikuwa imejitenga miezi michache tu kabla ya hapo. Nilikuwa nimesikia vifijo vyake redioni kama kila mtu, lakini sikurudi kwenye sanduku. Nikasema mbele ya watu kwamba mtoto ni sahihi na kadi yangu imepitwa. Nilidhani watanisifu kwa uungwana.

"Kadi ni kadi!" mzazi mmoja wa shule pinzani alipaza sauti. "Mmeona akibadilisha?"

"Huyu amekula kitu," mwingine akasema. "Ulizeni amekula nini."

Walinizingira pale nje hadi mchungaji akaja kunitoa. Kwa mihula miwili hakuna shule iliyoniita. Nilikuwa nimeacha chaki ili nifanye kazi hii, na watoto wangu wanne walikuwa wanaitegemea. Mke wangu, ambaye si mtu wa maneno mengi, aliniambia, "Si ungesoma tu vile imeandikwa?" Nikalichukua lile neno lake nikalifanya sheria ya kazi: ilivyoandikwa, ndivyo itakavyosomwa. Ilinisaidia. Shule zilirudi, wakaanza kuniita Mwalimu Kadi, na nilifurahia jina hilo kama mjinga.

Fainali ninayotaka kuwaambia ilifanyika katika ukumbi wa kanisa karibu na Magwagwa. Mfanyabiashara mmoja mzaliwa wa huko alikuwa ameahidi kumsomesha mshindi miaka yote minne ya sekondari, bweni, sare, kila kitu. Mtoto mmoja kwa kila shule, wote wa darasa la nane. Mnajua ahadi kama hiyo inafanya nini kwenye ukumbi. Wazazi walikuja na nguo za Sabato ilhali ilikuwa Jumapili.

Msichana wa shule ya hapo karibu aliitwa Kwamboka. Alikuwa na miaka kumi na minne, sweta lake limeshonwa viwiko kwa uzi wa rangi nyingine. Alipoulizwa jicho la mbuni likoje likilinganishwa na ubongo wake, alisema jicho ni kubwa, na watu wakacheka, na alikuwa sahihi. Alipoulizwa chakula gani hakiozi, akasema asali, ikifunikwa vizuri. Ile "ikifunikwa vizuri" haikuwa kwenye kadi yangu na ni kweli. Kila alipojibu alitaja jibu na kilicho nyuma yake, kama mtu aliyekwenda kukitazama kitu chenyewe. Vidole vyake vilitulia muda wote. Nilimpenda yule mtoto. Nataka mlijue hilo, halinisaidii lakini ni kweli.

Mwishoni alifungana alama na mvulana wa shule moja ya Ogembo aitwaye Brian, kijana mwerevu na mwenye adabu, sina neno baya juu yake. Ikabidi liulizwe swali moja la kuamua. Nikamwomba mgeni wa heshima, yule mfadhili, atumbukize mkono sandukuni. Akatoa kadi ya mimea, akanipa. Anayeanza ni msichana, kura ilikuwa imemwangukia yeye.

Nikasoma kwenye maikrofoni: "Mmea wa chai hufikia urefu gani?"

Chini yake, kwa kalamu ya wino, nilikuwa nimeandika: Kiunoni kwa mtu mzima, kama mita moja. Nililitoa kwenye kijikaratasi cha kuwafundisha wakulima kuchuma vizuri. Sikutumia penseli kwa sababu nani Nyamira asiyejua urefu wa chai? Nimekua nikichuma. Mama yangu alinifunga kikapu mgongoni kabla sijaanza shule. Maisha yangu yote chai ilinifika kiunoni, na kwa kila mtu ukumbini ilikuwa hivyo hivyo. Hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza kwa nini iko kiunoni. Iko kiunoni kwa sababu sisi tunaikata. Tunaipogoa kila baada ya miaka michache na kuichuma kila wiki mbili, kisha tunasema ni fupi.

Kwamboka hakukawia. Akasema, "Ikiachwa bila kukatwa, inapita paa ya nyumba."

Vicheko vililipuka ukumbini. Na havikuwa vicheko vya wema, vijana wangu. Kwetu shamba la chai lililoachwa likaota ni aibu; watu hupita wakiuliza ni boma la nani hilo, na kama hakuna mtu wa kulisimamia. Mfadhili mwenyewe alicheka akijipiga goti. Karibu na dirisha alikaa mama mmoja mwembamba mwenye leso ya bluu, na jirani yake alikuwa anamtafsiria kwa sauti ya chini tangu asubuhi. Jirani akamwinamia, akamnong'oneza. Nikamwona yule mama anavuta leso taratibu hadi ikamfunika uso.

Kando yangu alikaa mwamuzi, Mwalimu Kerubo, mwalimu mkuu wa shule jirani. Hakucheka. Aliweka mkono juu ya maikrofoni ili sauti yake isisikike nje, akaniuliza, "Mwalimu, una uhakika na hii kadi?"

Nilijua. Hapa ndipo nilipotaka kufika. Sikuja kujua baadaye, sikusoma mahali, hakuna aliyeniambia. Kwenye barabara ya kuja pale, murram, ile changarawe nyekundu, inapokata kona, kulikuwa na shamba la chai lililoachwa. Nilikuwa nimelipita asubuhi ile ile. Mashina yalikuwa manene kuliko paja langu, ndege wamejenga juu, na nyumba ya mabati iliyokuwa katikati ilionekana kipande tu cha paa. Nilikuwa hata nimesema moyoni, maskini chai hii. Kisha nikaingia ukumbini, nikaketi, na dunia yangu ikawa sanduku.

Nilikuwa na nafasi ya kuitoa ile kadi. Mwamuzi alikuwa amenifungulia mlango. Lakini nilitazama wale wazazi, nikawasikia tena wale wa Sudan Kusini wakiuliza nimekula nini. Nikamwambia Mwalimu Kerubo, "Kadi inasema kiunoni." Akaondoa mkono wake kwenye maikrofoni.

Nikatangaza, "Jibu si sahihi."

Kwamboka hakulia. Alinitazama kama mtu anayedhani hakusikika vizuri, akasema bila maikrofoni, kwa sauti ndogo iliyonifikia mimi tu na Mwalimu Kerubo, "Lakini mwalimu, iko. Iko hapo tu nje."

Nikajitia sikusikia. Swali likaenda kwa Brian. Brian akasema kiunoni, kengele ikalia, watu wa Ogembo wakambeba juu.

Baada ya wiki chache nilipanda gari nikaenda kumwona Mwalimu Odhiambo kwao. Alikuwa kitandani, amekonda, lakini akili yake ilikuwa nzima. Nilimsimulia yote nikitumaini atanipa namna ya kujitetea, maana ni yeye aliyenifundisha kwamba muulizaji asiye na msimamo huharibu shindano. Alinisikiliza hadi mwisho. Aliniuliza neno moja tu.

"Penseli au kalamu?"

"Kalamu, mwalimu."

Akageukia ukutani. Nilikaa pale labda nusu saa, binti yake akaniletea uji, nikaunywa, nikaondoka. Alifariki kabla ya Krismasi. Wakati wa mazishi niliombwa niseme machache kumhusu, nikasimulia kile kisa cha baba na mama, watu wakacheka vizuri sana, na mimi nikataka ardhi inimeze.

Niliendelea na kazi miaka mingine tisa. Mtaniuliza mbona sikumtafuta msichana. Nilijiambia nina shughuli. Nilijiambia mtoto mwerevu vile hakosi mtu wa kumsaidia. Barabara ya Magwagwa niliiacha, nikawa napitia njia ndefu, na mwenye gari akiniuliza namwambia ile nyingine ina matope. Mtu akitaka kutojua jambo, hakosi njia, na mimi nilikuwa mtu ambaye mkate wake ulikuwa kujua.

Kisha mwaka huu mkaja nyinyi, mkiwa na kompyuta yenu na maneno yenu matamu, mkasema mnataka kuhifadhi sanduku la mzee. Mkanionyesha namna simu itakavyouliza, mtu aguse jibu, kisha itokee rangi ya kijani au nyekundu. Nilikaa usiku na mchana nikipitia kadi ili niwakabidhi, nikafika kwenye ile. Nikafikiria watu ambao sitawaona kamwe, wakigusa jibu la kweli na kuonyeshwa nyekundu, na hapo pembeni hakuna Mwalimu Kerubo wa kuweka mkono juu ya kitu chochote. Wekeni mahali pa mtu kubisha. Sijui mnakiitaje hicho kitu kwenye simu, lakini kiwepo, na kiwe na mtu wa kukisoma, na mtu huyo awe na ujasiri kuliko wangu.

Nikaitia kadi mfukoni, nikaenda Magwagwa.

Ile kona niliipita bila kuitambua. Hakukuwa na chai. Palikuwa na mikaratusi mitupu, imesimama mistari, na chini yake hakuna kinachoota. Niliuliza kwa Kwamboka kwenye duka lililo mbele kidogo. Mwenye duka akanionyesha nyuma nilikotoka, nyumba ya mabati katikati ya ile mikaratusi. Lile shamba nililolipita asubuhi ile lilikuwa lao.

Nilimkuta amerudi kutoka kuchuma kwenye mashamba ya watu, anashusha kikapu. Sasa ni mama mtu mzima, ana watoto wawili, lakini vile vidole ningevijua popote. Yeye alinitambua mara moja.

"Mwalimu Kadi," akasema. "Karibu. Hatuna kiti kizuri."

Alinipa kigoda, akanipikia chai, na hakuniuliza nimefuata nini, kwa adabu. Nilipoanza kuuliza habari za miaka alinieleza bila uchungu, kama anasoma barua ya mtu mwingine. Baba yake alipofariki, baba yake mdogo, mwenye ile nyumba ya pili pale ng'ambo ya ua, alidai shamba la chai ni lake. Akawakataza kuchuma hata jani mpaka wazee waamue. Wazee hawakuamua. Chai ikaota miaka sita. Mama yake aliiacha isimame hivyo makusudi, kwa sababu ilikuwa ushahidi kwamba mali iko na kesi iko.

"Halafu mimi nikaenda kuitangaza kwa kanisa," Kwamboka akasema. "Watu wakacheka boma yetu. Baba mdogo akasikia aibu. Wiki hiyo hiyo akaleta mashine ya pawasoo, akaangusha yote, akachoma makaa. Akapanda hii miti yake. Mama aliniambia nimemvua nguo mbele ya watu, na jibu lenyewe hata halikuwa la ukweli."

Alisoma sekondari ya kutwa muhula mmoja. Ada ikashindikana. Akiwa na miaka kumi na saba akaolewa upande wa Nyamarambe, ndoa ikamshinda, na mama yake alipougua akarudi kumtunza. Mama alikuwa amefariki mwaka juzi.

"Kwamboka," nikasema, "ulikuwa sahihi."

Aliweka kikombe chini.

"Siku ile. Chai ikiachwa inapita paa. Jibu lako lilikuwa kweli na kadi yangu ilikuwa na makosa."

"Ulijua lini?"

"Siku ile ile. Kabla hujakaa."

Kuku mmoja aliingia mlangoni, akamfukuza kwa mguu bila kumtazama.

"Mbona hukusema?"

"Niliogopa watu."

"Mimi nilikuwa mtoto," akasema, "na sikuogopa watu."

Nikaanza kumwomba msamaha, maneno niliyokuwa nimeyapanga njia nzima, akaniinulia mkono ninyamaze.

"Mwalimu, mimi nimezoea kujilaumu. Nilishazoea kabisa, hata inanisaidia kulala. Sasa umekuja kuninyang'anya hiyo, na mtu wa kulaumu ni wewe, na wewe umezeeka unatetemeka hivyo, nikufanye nini? Mama ndiye alikuwa anataka kusikia haya maneno. Hakunisemesha vizuri tena mpaka akaenda. Kama ni msamaha, enda umwambie yeye. Ako hapo nyuma."

Alinitangulia. Kaburi lilikuwa kati ya migomba, halijawekewa saruji, udongo umeanza kushuka upande mmoja. Nilivua kofia. Nikaanza kwa Kiswahili, Kiswahili changu kizuri cha kwenye majukwaa.

"Hapana," Kwamboka akasema. "Mama hakujua Kiswahili mingi. Hiyo siku hakuelewa kitu, aliambiwa tu na jirani pale dirishani. Sema kwa Ekegusii."

Nikaanza upya kwa lugha ya nyumbani. Nilimwambia mama Kwamboka kwamba mtoto wake alijibu kweli, kwamba hakumvua nguo mtu yeyote, kwamba mimi niliyeshika kadi ndiye niliyesema uongo na nilijua ni uongo. Nilisema polepole, nikiuinamia udongo.

"Sema kwa nguvu, mwalimu. Ile siku ulikuwa na maikrofoni."

Nikapaza sauti jinsi nilivyokuwa nikipaza umeme ulipopotea ukumbini. Mwanamke mmoja aliyekuwa akipalilia ng'ambo alinyooka akaegemea jembe. Watoto wawili wa Kwamboka walitoka jikoni. Watu wengine wawili watatu walisimama kwenye ua, mikono kichwani, wakimsikiliza mzee mgeni anayelitangazia kaburi habari za chai. Nilimaliza. Nilikuwa nahema, na nilidhani imetosha.

Kwamboka hakuwa akilitazama kaburi. Alikuwa amegeukia ile nyumba ya pili ng'ambo ya ua, ambayo mlango wake ulikuwa bado umefungwa.

"Sema tena," akaniambia. "Baba mdogo hajatoka nje."

Nikasema tena.